Majivu ya Kupandia Mzambarau

Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho alipogoa mlimau wetu bila kuniuliza, kisha akaniletea tawi jikoni nione majani yaliyoshonwa pamoja mpaka yakawa mfuko. Nikamwambia atoe takataka zake nje. Lakini chungu mmoja alikuwa ameshapanda mkononi mwangu, nikamsaga kwa vidole kabla sijafikiri. Harufu ikapanda, kali na chachu, ndimu na siki pamoja. Nilikaa palepale kwenye kigoda. Mwanangu akauliza kama nimeumwa. Nikasema ndiyo, nimeumwa, ila sikumwambia lini.

Watu wengi hupenda kuwasifu chungu, eti bidii, eti umoja, eti kuweka akiba. Mimi sina sifa ya kuwapa. Niliwatazama kwa karibu kuliko hao wanaowasifu, msimu mzima, nikiwa na miaka minane au tisa, pale kwenye bustani ya mjini Bujumbura. Ninachoweza kusema juu yao ni kwamba walikuwa na shughuli zao, na hawakuwa na ubaya wala wema na mtu yeyote.

Mama alikuwa akiuza chai kwenye lango la bustani ile. Tulitoka mtaani kwetu Buyenzi alfajiri kwa miguu, yeye na sufuria ya mandazi kichwani, mimi na mfuko wa makaa. Baba alikuwa baharia kwenye boti za mizigo ziendazo Kigoma, na tangu mambo yaharibike alikuwa akikaa huko miezi mizima kabla boti haijarudi. Shule yangu ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mama akaamua kwamba mtoto asiye shuleni akae mbele ya macho yake, basi nikawa nashinda naye langoni, nikichochea mbabula, yale majiko yetu ya makaa, na kuwasumbua wateja.

Ndani tu ya lango, kando ya benchi letu, kulikuwa na mzambarau mmoja mkubwa, matawi yake yakining'inia juu yetu. Ulikuwa umejaa majimoto, wale chungu wekundu wenye miguu mirefu ambao hawachimbi ardhi, wanaishi juu kwa juu. Nilishinda nikiwatazama wakijenga. Kundi moja linashika ukingo wa jani kwa meno na kulivuta mpaka lifike jani la pili. Halafu wanakuja wengine, kila mmoja amebeba mtoto wake mweupe mdomoni, wanampitisha huku na huku kati ya yale majani mawili, naye mtoto anatoa uzi. Ndivyo walivyoshona, kwa kutumia watoto. Nilimwonyesha mama, akasema Mungu ana kazi zake, lete sukari.

Mtunza bustani aliitwa Salvatori. Alikuwa mtu mwembamba, si mzee sana, ingawa mama alimwita muzee kwa heshima, na alivaa kofia ya kitambaa iliyokwisha rangi. Alikuja kutoka mtaa wa Kinama kwa miguu kila siku ya Mungu, akafyeka majani, akafagia vijia, akamwagilia maua ambayo siku zile hakuna aliyekuja kuyatazama. Mama alimwita Salvatori tu mbele ya watu, na muzee wakiwa wawili. Yeye alimwita Mama Rajabu, kwa jina la kaka yangu aliyekuwa kwa mjomba Kigoma. Mimi aliniita Kobwa, msichana kwa Kirundi, utadhani mji mzima ulikuwa na msichana mmoja tu.

Zambarau zikiiva, Salvatori ndiye pekee aliyeweza kupanda kuzichuma. Wengine walijaribu wakashuka wanaruka-ruka na kuvua mashati. Siri yake ilikuwa majivu. Alikuja kwetu asubuhi na kusema, "Mama Rajabu, niachie majivu leo, kule juu zimeiva sana."

"Iko kwa kopo," mama alikuwa akimjibu. "Lakini utaanguka siku moja, muzee."

"Nikianguka, Kobwa atanikamata."

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, na mama alilijaza majivu ya jana yaliyochekechwa. Salvatori alivua viatu, akajipaka nyayo, miguu, mikono, shingo, nyuma ya masikio, akageuka mweupe mwili mzima, kisha akapanda taratibu. Majimoto walimkaribia, wakapandisha vichwa, wakateleza, wakapita pembeni. Nilikodoa macho hadi shingo ikaniuma.

Siku moja nikamuuliza kwa nini hawamuumi.

"Hawanionaka," akasema huku akijifuta. "Nikijipaka ile majivu, mi siko. Wao wanapita tu."

Alisema vile watu wazima wanavyosema ili mtoto aache maswali. Mimi nilibeba neno lake kama lilivyo. Nikafanya na majaribio yangu mwenyewe, nikamzungushia chungu mmoja duara la majivu chini. Alifika kwenye mstari, akarudi, akaenda upande wa pili, akarudi. Nikaridhika kabisa. Majivu yanamficha mtu asionwe na vyote vinavyouma.

Ni wakati huohuo watu wazima walipoanza kuzungumza kwa sauti za chini. Wateja walishika vikombe na kutajiana mitaa: wapi hapapitiki, nani ameshushwa kwenye basi, nani amehama na godoro tu. Kila mtaa ulikuwa na vijana wake, na vijana wale walijua mtu wa kwao na mtu asiye wa kwao. Sisi watu wa Buyenzi tulipita, mama alisema, kwa sababu hakuna aliyejua atuweke upande gani. Sikuelewa hata nusu. Nilichoelewa ni kwamba kuna wanaouma, na mimi nilikuwa na dawa. Nikapaka majivu visigino vya ndala za mama. Nikapaka miimo ya mlango wetu. Siku moja nikaja langoni na mashavu meupe, mama akanisugua kwa ncha ya mtandio aliyoilowesha mate. "Unataka watu waseme sikuogeshake?"

Salvatori naye, mtu wa Kinama asiye wa kwao, akabadilika. Msimu ulikuwa unaisha, juu hakukuwa na zambarau za maana, lakini kila asubuhi alipita kuchungulia kopo.

"Liwe limejaa, Kobwa. Kila siku. Umesikia?"

"Utachuma nini?"

"We lijaze tu."

Nilijua anapenda zambarau. Akili yangu iliishia hapo. Leo najua kwamba alikuwa ameuangalia mji wote, na banda lake la zana, na ukuta, na michongoma, akauchagua mti.

Asubuhi ya siku yenyewe, tulipokuwa njiani, tuliona mawe yamepangwa barabarani na matairi yamelazwa. Hakuna aliyetuambia kitu, na bado kulikuwa kimya. Siku kama hizo zilikuwa na jina lake, ville morte, mji uliokufa, lakini kwa kawaida habari zilifika mapema na watu wakakaa majumbani. Habari ya siku ile haikufika kwetu. Mama alifikiri kurudi, akaona nyuma ndiko walikokuwa wakibeba mawe, akanishika mkono tukaendelea mbele. Alinibana vidole mpaka vikaniuma. Hakuwahi kunishika namna ile.

Kwa hiyo tulipofika langoni, wakati yeye anawasha moto, mimi nikachukua kopo nikafanya kilichobidi. Nikamwaga majivu kuzunguka mbabula zote mbili, benchi, kigoda cha mama na mfuko wa makaa, duara moja kubwa lisilo na mwanya. Yaliisha yote. Nilijisikia mwenye akili kupita kiasi.

Salvatori alikuwa ameshafika tangu alfajiri, kabla barabara hazijafungwa. Tulimwona akija kutoka bandani anakimbia, na nyuma yake, upande wa barabara kubwa, tukasikia filimbi na sauti za vijana.

"Kobwa, kopo!"

Nikampa. Akachungulia ndani. Akatazama chini, akaliona duara langu, majivu membamba yaliyoshikana na vumbi na umande, yasiyozoleka. Akatazama mbabula, na humo mlikuwa na makaa mekundu tu, moto ulikuwa ndio kwanza umeshika. Hakunifokea. Nimetamani mara nyingi angenifokea.

"Eh, Kobwa," alisema.

Alivua viatu akampa mama, mama akavizika kwenye mfuko wa makaa. Kisha akapanda. Alipanda haraka kuliko siku zote, na nikaona majani yakigeuka mekundu pale alipopita.

Walikuja kundi, labda saba, labda kumi, na marungu na mawe, na mmoja ameshika kitu mfukoni asichotaka kukitoa. Mmojawapo nilimjua. Alikuwa akinunua mandazi kwetu akienda shule, na hata siku ile alivaa shati la shule. Walivunja kufuli la banda kwanza, wakatupa nje mafyekeo na mpira wa maji. Kisha wakaja kwetu.

"Mama, yule mutu wa hapa, wa kulima maua, iko wapi?"

"Leo sijamuona," mama akasema.

"Apa kwa Mungu."

"Wallahi sijamuona. Nyinyi wenyewe mumefunga barabara, angepita wapi?"

Mama yangu, aliyenifinya nikimdanganya habari ya sukari, aliapa na huku akimimina chai. Wakakaa. Waliuvuka mstari wangu wa majivu kwa viatu vyao bila hata kuinamisha macho, wakajipanga kwenye benchi letu, wakatuona vizuri kabisa. Nilifikiri sana jambo hilo. Nikaamua kwamba kosa ni langu, nimeyamwaga membamba, tena ardhini, wakati yanatakiwa yawe mwilini.

Juu yetu majimoto walikuwa wanaanguka, mmoja mmoja, kwenye benchi, kwenye sinia la mandazi. Kijana mmoja aliyeegemea shina aliruka na kujipiga shingoni, wenzake wakamcheka. "Huu muti, hata shetani hapandake," akasema yule wa shati la shule, na wote wakasogea upande wa pili wa benchi. Hakuna hata mmoja aliyeinua uso. Mama akawaongezea chai. Nilitazama mikono yake, haikumwaga hata tone, na jambo hilo liliniogopesha zaidi.

Sijui ilichukua muda gani. Makaa yalikwisha yakaongezwa. Nilikuwa nimekumbatia lile kopo tupu, nikifikiria miguu yake, nyuma ya masikio yake, zile sehemu zote alizozoea kupaka. Ningeweza kulijaza tena kama moto ungelala. Niliutazama moto nikiuomba ulale, na kila mara mama aliupepea, maana wageni walitaka chai.

Ndipo niliposikia sauti. Ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayekohoa ndani ya nguo, ikakatika, ikarudi ndefu kidogo. Nilidhani ni ndege. Kijana mmoja alinyamaza na kikombe mkononi.

Mama aligeuka akanipiga kofi la uso.

Mama hakuwa mtu wa kupiga. Kufinya, ndiyo. Nilishangaa mpaka nikashindwa kulia.

"Nani alimwaga majivu yangu?" akapiga kelele. "Nani? Mi naweka majivu, wewe unamwaga!" Akanipiga tena, na tena. "Lia! Nasema lia!"

Nililia. Nilifungua mdomo nikalia na mapafu yote, na kila sauti yangu ilipoanza kushuka alinifinya paja akaipandisha. Kopo likaanguka likabingirika chini ya benchi. Yule wa shati la shule akasema, "Mama, basi, ni mutoto huyu." Mama akamjibu, "Niache nimufunze, anaharibu kila kitu." Wakatikisa vichwa. Mmoja alinipa kipande cha andazi, andazi letu wenyewe, ninyamaze, mama akanipokonya na kunipiga kwa hilo nalo. Mwishowe waliinuka, nafikiri kelele ziliwachosha, wakaenda zao kuelekea mjini wakipuliza filimbi. Mama aliendelea kunifinya mpaka filimbi zikapotea.

Kwa miaka mingi niliamini nilipigwa kwa sababu ya majivu, na niliona ni haki. Sikuwahi kumlaumu. Mama alipokuwa mgonjwa, ule ugonjwa wake wa mwisho, nilikuwa nikimwosha miguu nikamtania: unakumbuka ulivyonipiga kwa kopo moja la majivu? Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Majivu gani? Yule muzee alikuwa analia. Nilitafuta sauti kubwa kupita yake, na sikuwa na ingine." Akanisogezea mguu wa pili. "Ulilia muzuri siku ile."

Salvatori alishuka kwa kupapasa. Macho yalikuwa yamefungwa na uvimbe, midomo imegeuka nje, na ile kofia yake aliishika kwa meno, ameing'ata imetoboka. Majimoto walikuwa bado wamemshika, kichwani, masikioni, kati ya vidole. Mama alikuwa akinikataza siku zote kuua chungu, akisema nao wanamtaja Mungu kwa lugha yao. Siku ile alimketisha kwenye kigoda chake akamtoa majimoto mmoja mmoja, akimsaga kila mmoja kwa kidole gumba, na harufu ile ya ndimu na siki ikafunika harufu ya chai. Nilisimama pembeni na mashavu yanayowaka. Hakuna aliyenituma kitu, na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Tulimfunika mtandio na kitenge cha mama kama mwanamke, tukamshika huku na huku, tukarudi naye Buyenzi kwa vichochoro. Kwenye mawe mtu aliuliza, mama akasema ni mama mukwe, anaumwa macho. Na kweli hakuwa anaona.

Alilala kwetu siku tatu, kwenye kitanda cha Rajabu, na homa. Siku ya pili, mama akiwa msikitini kuomba dawa kwa mke wa imamu, nilisogea kitandani nikamwambia kwamba majivu niliyamaliza mimi. Nilitaka aseme nilivyo mbaya. Alinyoosha mkono uliovimba akatafuta kichwa changu, akakikosa mara mbili, akakipata.

"Utajaza tena," alisema.

Basi nikajaza. Nilichekecha majivu ya mbabula ya nyumbani asubuhi na jioni, nikaomba na kwa majirani, laini kabisa, bila chembe ya mkaa. Wakati huo habari za Kinama zilikuwa zikiingia Buyenzi kwa miguu: watu na masufuria, watu na mbuzi, watu bila kitu. Upande wa kaskazini moshi ulionekana mchana. Salvatori alikuwa na mke na watoto wanne kule, na hakuna kati ya waliokuja aliyewaona.

Asubuhi ya nne jicho moja lilifunguka nusu. Akaomba viatu vyake.

"Ngojea," mama akamwambia. "Ngojea hata kesho. Utapita Cibitoke namna gani?"

"Batoto wangu wako kule, Mama Rajabu. Nangojea nini?"

Mama aliingia chumbani akatoka na kanzu ya baba ya Ijumaa na kofia yake ya kushonwa, ili huko njiani wamdhanie mtu wa Buyenzi. Kanzu ilimpwaya. Nami nikaleta kopo langu, limejaa hadi ukingoni, nikalishika kwa mikono miwili. Mama alitaka kuniondoa njiani, Salvatori akamzuia. Aliinama kwa taabu, akachovya kidole, akajipaka kwenye paji la uso, kama Wakatoliki wanavyopakwa wakianza mfungo wao, kisha shavu la kulia, kisha la kushoto.

"Haya, Kobwa. Mi niko?"

"Apana," nikamwambia. "Hauko."

Hatukupata habari yake tena. Kila aliyetoka Kinama mama alimuuliza, kwa miaka. Mmoja alisema kavukia Kongo na wanawe, mwingine alisema yuko milimani, mwingine alisema hakuna mtu wa namna hiyo aliyefika hata darajani Ntahangwa. Baba aliporudi hakuiulizia kanzu yake. Bustani ikamea majani, na majimoto wakashona mti wote.

Avenyu za Buyenzi zimenyooka kabisa, ukisimama mlangoni unaona mpaka mwisho. Asubuhi ile nilisimama pale na kopo langu nikamtazama Salvatori anavyokwenda polepole kando ya njia, akishika ukuta mara moja moja kwa sababu ya lile jicho nusu. Alipita msikiti, alipita gereji, alipita bomba la maji, na kanzu ya baba ilikuwa nyeupe mno kwenye jua lile. Nilifumba macho, nikahesabu hadi kumi kama kwenye mchezo, nikafumbua. Alikuwa bado anaonekana. Nikafumba tena.